Namba Niliyoifunika kwa Grisi

Gari lenyewe, riali elfu sita na mia tano. Kulibeba kwa winchi kutoka Bawshar mpaka Rusayl, arubaini, na mwenye winchi alitaka sitini. Mipira minne, kabureta iliyofanyiwa kazi upya, gasketi, mafuta, waya za plagi na plagi zenyewe nane: mia tisa na themanini. Kuhamisha umiliki na bima, tuseme mia. Nimejumlisha mara mbili, kama ninavyojumlisha kila kitu, na mara zote mbili imekuja elfu saba mia sita na ishirini. Kwa gari la Kimarekani la mwanzo wa miaka ya sabini, milango miwili, silinda nane, na injini ile ile liliyotoka nayo kiwandani, hiyo si bei. Huo ni wizi. Neno hilo nalitumia nikiujua uzito wake, maana yuko mtu mwengine anayelibeba kwa ajili yangu.

Nieleze nilivyoingia. Mimi nauza vipuri vya viyoyozi. Nina ghala la kukodi Rusayl. Mbele vipuri, nyuma nimeacha nafasi ya gari moja. Miaka mingi nafasi ile ilikuwa tupu, naifagia tu. Wafanyakazi walidhani nasubiri mzigo. Kwa namna fulani nilikuwa nausubiri.

Wenzangu wa Ijumaa asubuhi, wale tunaokutana kwenye maegesho ya maduka kabla jua halijawa kali, wanayapenda magari ya misuli, haya ya zamani yenye injini kubwa, kwa mngurumo wake. Mtu anawasha, kioo cha duka kinatetemeka, watu wanapiga picha, naye anasimama pembeni kama aliyezaa mtoto wa kiume. Mimi mbio zinanitia kizunguzungu. Ninachokipenda ni kiwanda. Napenda kujua kuwa gari lile lilipita kwenye mstari mrefu, huko Detroit au mji wa jirani yake, na kila hatua amesimama mtu na kazi yake moja: huyu bolti za mlango, huyu kioo, huyu anachora chaki kuonyesha kuwa usukani umekazwa. Ukiling'oa mazulia, ukilitazama chini ya boneti kabla mpumbavu hajalipiga rangi mpya, alama hizo utaziona bado. Mstari wa chaki. Doa la njano alilolitia mkaguzi. Mchirizi wa rangi nyuma ya injini, kwa sababu aliyepuliza alikuwa na haraka, au mkono umemchoka, au alikuwa anawaza mambo ya nyumbani kwake. Gari la siku hizi limenyooka kila mahali, na ukilitafuta mtu ndani yake humpati.

Na juu ya alama zote iko namba. Gari lina namba yake kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi. Ukisimama nje utaisoma kupitia kioo cha mbele. Kiwandani, tarakimu za mwisho za namba hiyo walizigonga pia kwenye injini, juu ya bapa dogo la chuma mbele ya bloku. Zikilingana, basi bodi na injini ni mume na mke wa ujanani. Zisipolingana, injini ni mke wa pili, na wanunuzi huwa na maneno kuliko mawifi. Bei inashuka, na inashuka vibaya.

Kubishana bei nimefundishwa na mama, soko la mboga lilipokuwa bado Mawaleh. Mama anainua nyanya moja, anaigeuza kwenye mwangaza, anamwambia muuzaji, "Hizi nyanya zimelia njia nzima kutoka shamba. Tazama macho yalivyovimba." Muuzaji anamjibu, "Zimelia kwa kuchelewa kukuona weye, mama." Anaponda, anasifiwa, anaondoka hatua mbili, anaitwa, anarudi. Mpaka leo hakuna aliyemwambia mama kuwa ni mwongo, na hakuwa mwongo. Muuza nyanya anazijua nyanya zake. Ukweli umekaa pale kwenye sinia, wote wawili wanautazama, na maneno yanapita juu yake tu.

Mzee wa Bawshar, aliyeniuzia gari, hakuwa akiuona.

Ni mtu wa kwetu, watu wa Unguja, waliorudi huku na Kiswahili kingi na Kiarabu cha kuombea maji. Gari alilinunua alipokuwa kijana, kwa Mmarekani mmoja wa visima vya mafuta aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akalitumia mpaka watoto wakawa wengi kuliko viti, kisha akaliweka bandani nyuma ya nyumba, akawa analiwasha kila wiki hata pale lilipokuwa haliendi popote. Sasa anaishi na binti yake, mwalimu. Macho yake yana ukungu. Daktari amemwambia ukungu huo unatolewa, naye amesema utatolewa baada ya Ramadhani. Hajasema ya mwaka gani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Weye ndiye mtu wa viyoyozi?"

"Ndiye mimi."

"Basi hili halina kiyoyozi. Usije ukasema sikukwambia."

Tukanywa kahawa, tukala halwa, tukaulizana wazee wetu, na tukagundua kuwa bibi yake na bibi yangu walizikwa makaburi mamoja. Ndipo akataja elfu tisa. Nikataja elfu tano. Akacheka mpaka kikombe kikamtikisika.

"Elfu tano utapata milango. Na hili lina miwili tu, kwa hivyo usije ukaniomba ya nyuma."

"Ami, bati la chini limeliwa."

"Na mimi chini nimeliwa. Mbona hukunitajia bei?"

Nilimpenda. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Tukaenda bandani, yeye mkono mmoja begani kwangu. Nikafungua boneti, nikainama. Mstari wa chaki uko pale. Doa la njano liko pale. Mbele ya bloku, grisi na vumbi vya miaka vimegeuka ngozi. Nikapitisha dole gumba, tarakimu zikajitokeza moja moja. Ile ya kwenye dashibodi nilikuwa nimeshaisoma na kuishika kichwani. Nikasoma mara mbili. Zinalingana.

Gari kama hili, halijaguswa, limekaa Bawshar nyuma ya kamba ya nguo! Na dole gumba lile lile likairudisha grisi mahali pake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Sikuliamuru. Lakini ni langu.

"Ami," nikasema, "injini hii si yake."

"Si yake vipi?"

"Namba hazilingani. Gari hili lilitoka kiwandani na injini nyengine."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama mara mbili." Katika yote niliyoyasema pale, hilo peke yake lilikuwa kweli.

"Mmarekani yule aliniapia. Alinionyesha mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Wakati huo nnaona mpaka mkia wa nzi."

"Basi imebadilishwa baada ya hapo. Na bora hii yako, ami, haidanganyi mtu. Wako siku hizi wanaogonga namba upya kwa nyundo, ukasoma ukadhani ni ya kiwandani. Namba si ya kuaminiwa tena."

Akanyamaza. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa boneti. Kisha akasema, si kwa kuniambia mimi khasa, "Injini hii imeshushwa mara moja tu. Mwaka nilipokwenda hija. Nilimwachia mdogo wangu gari, likachemka, akalipeleka gereji."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia. Neno moja tu lilitosha pale: hebu ngoja, ami, niangalie tena. Lakini kimya cha muuzaji nimelelewa nikisome kwa namna moja, kuwa bei inashuka, usiitie mkono. Nikakaa kimya. Ikashuka.

"Sita na nusu," akasema. "Chukua. Khalas."

Nilikuwa nimejitayarisha kubishana mpaka adhuhuri. Nilikuwa na mengi bado, viti, mipira, ekzosi. Hakunipa nafasi. Akanishika mkono, akaniambia kheri nalo, akamwita binti yake aje amuongoze ndani. Nami njia nzima ya kwenda Rusayl, nikiifuata winchi, nilikuwa nikijipongeza.

Wiki chache baadaye alikuja mtu ghalani, mwembamba, kofia yake imenyooka, shati limepigwa pasi. Umri wake hautofautiani sana na wa mzee. Akasalimu, akapita katikati ya maboksi ya vipuri mpaka nyuma, akasimama mbele ya gari.

"Mimi ndiye mwizi wa injini," akasema. "Nimekuja kuitazama niliyoiiba. Nnajitahidi kukumbuka, sikumbuki."

Ndivyo nilivyomjua mdogo mtu. Kwa miaka, kila Ijumaa huondoka kwake Mawaleh na samaki wa nguru, humpitia kaka yake, humpeleka msikitini, hurudi naye, hula naye. Ijumaa moja, wali umeshapakuliwa, kaka akamuuliza mbele ya binti: injini yangu uliiuza kwa nani? Yeye akadhani mzaha, akacheka.

"Kucheka ndiko kulikoniua," akaniambia. "Lau ningekasirika, angesema labda. Nimecheka, akasema: unaona, hata haya hana. Akaniambia nimalize wali wangu niende. Na nikaumaliza! Ndio kitu kinachoniuma zaidi. Nilikuwa na njaa."

Tangu siku hiyo simu haipokelewi. Ijumaa anakula kwake na mkewe, nguru mzima, watu wawili.

Nilikuwa na nafasi tena hapo, na kubwa kuliko ya mwanzo. Namba nilishaisafisha mwenyewe kwa mswaki wa meno, inang'ara. Yeye ameegemea pale pale, kiwiko chake hakifiki shubiri moja kutoka kwenye lile bapa, na hajui pa kutazama. Nikammiminia chai.

"Nimewaza sana," akasema. "Nilimwachia fundi mmoja Ruwi, mimi nikaenda zangu kazini. Nilikuwa kijana, sikukaa kumwangalia. Pengine alinichezea, akaitoa njema akatia mbovu. Kwa hivyo mimi sikuiba, lakini mimi ndiye niliyeacha iibwe. Nataka kumlipa kaka. Weye unayajua haya. Lau ingekuwa injini yake ya asili, ungemuongezea ngapi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa niutie bei uongo wangu mwenyewe. Hesabu yake naijua: kutoka elfu tisa mpaka sita na nusu, elfu mbili na mia tano. Nikasema, "Elfu moja na mia tano."

Nilimpunguzia elfu nzima, na nikaona nimemfanyia wema! Nilijiambia pia kuwa kaka hatazipokea. Atamsukumia, huyu atamrudishia, watabishana kama sisi tunavyobishana mtu akitaka kulipa hotelini, mwisho watalia wacheke, na mambo yatakwisha bila ya mimi kufungua mdomo. Ni hesabu nzuri. Nilikosea mtu mmoja tu ndani yake.

"Nyingi," akasema.

"Nyingi, ami."

"Lakini si nyingi kwa kaka." Akamaliza chai. "Zipo. Tulikuwa tunaziweka za umra, mimi na mke wangu. Al-Kaaba haihami."

Akanipigia simu mwenyewe, alasiri moja, nikiwa nahesabu mzigo.

"Nimempelekea. Amepokea."

"Alhamdulillahi. Mmepatana?"

"Amepokea, akampa binti azihesabu, zikatimia. Kisha akasema: sasa nimejua. Mtu asiyeiba halipi."

Nilipoteza hesabu ya mzigo, na sikuirudia.

Siku ya pili nilimwomba aje Rusayl. Nilimpa tochi na kitambaa, nikamwonyesha kwanza dashibodi, kisha nikamwinamisha kwenye bloku. Akasoma kwa sauti, akarudi kwenye kioo, akasoma, akarudi.

"Hii ya mwisho sita au nane?"

"Nane."

"Na kule?"

"Nane."

Akazima tochi. Akakaa juu ya boksi la kompresa, ambalo lisingefaa kukaliwa na mtu, lakini sikuona kama ni wakati wa kusema.

"Kwa hivyo mimi si mwizi."

"Si mwizi, ami."

"Na yule fundi wa Ruwi?"

"Naye si mwizi."

"Maskini. Nimemsema nyumba tatu." Akafikiri. "Basi ulisoma vibaya siku ile?"

Mlango huo alinifungulia yeye. Mpana, na ndani mna kivuli. Ningesema ndio, giza, grisi, macho. Nikamwambia hapana, nilisoma sawasawa, nikaifunika. Nikamwambia kwa nini. Haikuchukua maneno mengi. Inashangaza jambo kama lile linavyokuwa fupi ukilitoa mdomoni.

Nilitaraji atanitukana, na nilikuwa na hamu ya kutukanwa. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua.

"Elfu mbili na nusu," akasema.

"Ndio."

"Na mimi ukanambia moja na nusu."

"Ndio."

"Kwa nini ulinipunguzia?"

Nikatoa bahasha yenye moja na nusu yake, akaisukuma kwa kidole kimoja. "Pesa zangu ziko kwa kaka. Hizi zako sizijui. Nenda kamwambie yeye. Mimi nikimwambia nitakuwa nnajitetea."

Nikaenda Bawshar na bahasha mbili, moja ya elfu mbili na nusu, moja ya elfu moja na nusu, ile aliyoikataa mdogo mtu, na ufunguo wa gari. Mzee alikuwa barazani ndani, amelalia mto, redio chini chini. Akanijua kwa salamu.

"Mtu wa viyoyozi! Limewaka?"

"Limewaka, ami. Linawaka kama lilivyotoka kiwandani. Ndilo lililonileta." Nikamwambia yote. Nilianza na dole gumba, nikamaliza na pesa za umra. Sikujipamba. Alinisikiliza amenikabili, na macho yale yenye ukungu, na nilipomaliza akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri sana. Sitaki kuliona tena.

"Mdogo wangu kakutuma."

"Hakunituma. Yaani, kanituma, lakini..."

"Kakutuma. Nami nimefurahi. Nilikuona siku ile, nikasema huyu ni mtu wa bei tu, hana zaidi. Nimekukosea. Umefunga duka lako, umekuja na joto hili, kusuluhisha watu ambao si jamaa zako. Mwenye kupatanisha ndugu wawili hahesabiwi mwongo, hata akisema lisilokuwa. Hilo unalijua, ndio umelisema vizuri namna hiyo."

"Ami, huu si uongo wa kupatanisha. Uongo ulikuwa ule wa kwanza."

"Na wa kwanza uuseme kwa nini?"

"Kwa bei."

"Kwa bei!" Akacheka kicheko kile kile cha siku ya milango. "Mwanangu, nimeuza vitu mimi. Mtu akitaka bei ataniambia bodi imeoza, viti vimepasuka, ekzosi inakohoa. Wote husema hivyo. Lakini Muislamu mwenye akili zake hataniambia ndugu yangu kaniibia ili apunguziwe riali."

"Mimi sikumtaja ndugu yako."

Akaacha kucheka. "Hukumtaja," akasema. "Kweli. Nilimtaja mimi."

Nilidhani hapo limeingia. Niliona uso wake unafanya kazi. Nikasogea, nikamwambia tumchukue bintiye sasa hivi, twende naye Rusayl, asome yeye namba kwa macho yake. Binti alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Huyu?" akasema mzee. "Huyu anampenda ami yake kuliko anavyonipenda mimi. Akenda atarudi na namba yoyote mnayoitaka. Na gari limekaa kwako muda wote huu. Si weye uliyenambia hugongwa upya kwa nyundo?"

Nikamwambia basi naapa. Nikainua mkono, na kabla sijalitaja jina la Mungu akanyoosha wake, akanitafuta kwa kupapasa, akaniziba mdomo. Kiganja chake kilikuwa kinanuka udi.

"Usiape. Uongo wa kupatanisha una ruhusa, kiapo juu yake hakina. Sitaki ujitie madhambini kwa ajili yetu."

Nikatoa bahasha. Akazipapasa zote mbili, akashangaa. "Na pesa juu! Wallahi usuluhishi wa namna hii sijapata kuuona." Akazirudisha mapajani kwangu, na ufunguo juu yake. Gari nimelinunua, ni langu, bei tuliridhiana. Za mdogo wake anazo na atakaa nazo, kwa sababu zile zimesema ukweli, na hizi za kwangu zimesema uungwana. Kisha akainua mikono akaniombea dua. Akaniombea mimi, wazee wangu waliotangulia, na biashara yangu izidi. Nikaitikia amin. Mtu akikuombea utasema nini?

Binti alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akauliza, "Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa. "Mimi nnakuamini," akasema. "Haisaidii kitu. Ijumaa sasa anasema hana njaa."

Hapo ndipo tulipo. Gari nimelifunika shuka, silipeleki kwenye maegesho ya Ijumaa, na wenzangu wanadhani nimeliuza kwa faida. Nimefikiria niende tena, niape kwa lazima, nje ya mlango kama hataki niingie. Lakini amenionyesha kuwa kila nikijibidiisha ndivyo anavyoniona mwema.

Na juzi mdogo mtu amekuja Rusayl na shauri lake. Anasema anamjua kaka yake tangu walipokuwa wanaoga kisima kimoja: hajapata kumsamehe mtu aliyebisha, na hajapata kumkatalia mtu aliyekiri. Kwa hivyo atakwenda akiri. Atasema aliiuza injini, alikuwa kijana, alihitaji pesa, shetani. Kaka atalia, atasamehe, wataenda msikitini, watakula nguru. "Nina miaka mingapi iliyobaki ya kula Ijumaa?" akaniuliza. "Bora niile nikiwa mwizi." Anachotaka kwangu ni kitu kimoja, nimwahidi kuwa sitasema tena lililo kweli, si kwa kaka wala kwa mtu. Alilisema kwa upole, kama anayeniomba nimpunguzie.

Nimemwambia nitampa jibu. Mimi ambaye sijapata kushindwa kujibu bei yoyote, nimekaa nayo hii tangu juzi. Nikikubali, ndugu wawili wanapatana, na mtu asiye na kosa anakufa na jina la mwizi, nami napata gari safi na dua ya mzee. Nikikataa, ukweli unabaki kwangu, haumfai mtu, na mzee anashinda na njaa kila Ijumaa. Wako kati yenu walio wakubwa kwangu, na wako waliosoma dini na waliosoma watu. Nawaombeni shauri: nimwachie akiri? Na kama nisimwachie, nimpelekee mzee kitu gani atakachokiamini? Nijibuni kabla ya Alkhamisi, maana mdogo mtu ameshaagiza samaki.